UZI MAALUMU: Goti la mwanamichezo chipukizi likivimba jioni ya mechi, msilichue

#1 Mwl_Nzuguni

Wakuu, salamu kwenu. Mashindano ya shule yanakaribia, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, na viwanja vyetu vya Dodoma ndiyo kwanza vinaanza kukakamaa baada ya mvua kukatika. Huu ndio msimu wa watoto kurudi nyumbani wakichechemea. Kinachofuata kila mtu anakijua: maji ya moto, chumvi, mafuta na mtu wa kuchua. Nimefungua uzi huu kwa walimu wa michezo, makocha wa mitaani na wazazi kwa sababu goti moja linaumizwa mara mbili, kwanza uwanjani, halafu nyumbani.

Tuanze na goti lenyewe. Juu kuna mfupa wa paja, chini ugoko, na mbele kuna kifupa cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Ligamenti ni kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na goti lina nne kubwa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje. Mbili zimepishana katikati: ya nyuma inaitwa PCL, na ya mbele ndiyo ACL ambayo watangazaji wa mpira wanaitaja kila msimu. ACL inazuia ugoko usichomoke kwenda mbele na usijizungushe ovyo chini ya paja. Katikati ya mifupa kuna menisko mbili, gegedu (mfupa laini) zenye umbo la mwezi mchanga, kazi yake kupokea uzito.

Watu wengi hudhani ACL hukatwa na rafu. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji. Anakimbia kasi, anataka kugeuka ghafla, unyayo umeng'ang'ania ardhini, goti liko karibu limenyooka, linaangukia kwa ndani huku mwili ukielekea upande mwingine. Au karuka kupiga kichwa akatua kwa mguu mmoja, mguu ukiwa umekakamaa. Njumu zenye meno marefu kwenye uwanja mkavu zinaongeza hatari hiyo, kwani unyayo unapaswa kuteleza kidogo na wenyewe umekwama.

Wataalamu mliomo humu, karibuni mtufundishe.

#2 Netiboli_Kongwa

Ahsante Mwalimu. Tusisahau wasichana. Wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huumia ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana wa mchezo huohuo. Na netiboli ina sheria inayolibana goti moja kwa moja: ukishadaka mpira na kutua, unaweza kuzunguka juu ya mguu uliotua kwanza, lakini huruhusiwi kuunyanyua na kuurudisha chini kabla ya kuachia mpira, na una sekunde 3 tu. Kwa hiyo binti anatoka kasi, anaruka, anadaka, kisha anatakiwa kufunga breki papo hapo. Mzigo wote unaishia gotini.

Tiba yake ni kumfundisha kutua. Atue kwa miguu miwili kila inapowezekana, magoti yamekunjika, makalio yamerudi nyuma kama anakaa kwenye kigoda, kila goti likitazama kidole cha pili cha mguu wake. Kocha asimame mbele yake, asikae pembeni, maana ukiwa mbele ndipo unaona magoti yakibusiana. Wakitua kwa kishindo waambie warudie kimyakimya. Anayetua bila sauti amekunja goti, huna haja ya kumpa maelezo mengine.

#3 Fizio_Makole

Mwalimu umefungua mahali pazuri. Mimi nianzie sekunde mtoto anapoanguka.

Maswali manne yanatosha pale uwanjani. Umesikia kitu kikilia ndani ya goti, kama kijiti kimevunjika? Umeweza kuendelea kucheza? Goti linakukimbia ukikanyaga, yaani linalegea ghafla? Limeanza kuvimba saa ngapi?

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mechi ikiwa ya saa kumi jioni na goti limejaa kufikia saa moja usiku, hiyo ni damu ndani ya kiungo. Damu haitoki bure: ACL imekatika, au mfupa umepasuka, au pia ya goti ilichomoka ikarudi, au menisko imechanika sehemu yenye mishipa ya damu. Goti lililolala vizuri likaamka limevimba kesho yake mara nyingi ni menisko au msukosuko mdogo zaidi. Naomba kila mwalimu aandike muda wa kuumia na muda wa kuvimba kwenye karatasi inayokwenda hospitali. Daktari ataitumia.

Sasa huduma ya kwanza. Mtoe nje kwa machela au abebwe na watu wawili. Asijaribiwe kama anaweza kurudi uwanjani. Goti likae juu ya begi au mto, juu kuliko moyo. Barafu: ile ya vifuko ya madukani inafaa sana, ivunje, izungushie kitambaa chepesi kilicholowa, weka dakika 15, toa, rudia kila baada ya saa 2 akiwa macho, kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo. Usiweke barafu kavukavu juu ya ngozi, inaunguza kama moto. Pasipo na friji, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi kinapoza kiasi, kibadilishwe kila kinapopata joto. Funga bandeji ya kuvutika ukianzia chini ya goti kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au kubadilika rangi, umekaza mno; fungua ufunge upya.

Maumivu: parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 40 kidonge kimoja cha miligramu 500 kinamtosha kwa mara moja. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Kwa saa 72 za mwanzo hakuna kukanda kwa maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna kukimbia "kulegeza". Joto na kuchua vinafungua mishipa inayovuja damu.

Na kuna hali ambazo hazisubiri asubuhi. Goti limepinda na umbo si lake. Unyayo ni wa baridi, umepauka, au huoni mapigo juu ya unyayo. Hawezi kuunyanyua unyayo kuelekea kwake. Maumivu yanapanda kila dakika na kigimbi kimekuwa kigumu kama jiwe. Goti likichomoka lote linaweza kuchana mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma yake, na mguu usiopata damu kwa zaidi ya saa 6 unaweza kupotea. Hata kama goti limejirudi lenyewe, mpeleke usiku huohuo.

#4 Mgogo_wa_Bahi

Fizio nakuheshimu, ila huku vijijini watu wanachuliwa na wanapona. Wiki ya tatu mtoto anatembea, anachota maji, anachunga. Hilo mnalielezaje?

#5 Fizio_Makole

Swali zuri, mkuu, na jibu lake ndilo linawaponza wengi.

Damu iliyo ndani ya goti mwili huinyonya wenyewe kwa wiki mbili tatu, uchue usichue. Kutembea mbele kwenye njia iliyonyooka hakuihitaji ACL sana. Ndiyo maana mtoto anachunga bila shida na kila mtu anasema kapona. ACL inahitajika anapogeuka ghafla, anaporuka, anaposhuka korongo. Siku anayorudi uwanjani goti linamkimbia. Anaanguka, anachuliwa tena, anarudi tena. Kila goti linapokimbia, mfupa wa paja unasaga menisko, na menisko iliyosagika haioti upya. Goti lisilo na menisko linazeeka mapema sana. Kijana anaweza kufika miaka 30 na kitu akiwa na maumivu ya goti la mzee.

Hivyo anayechua hajaiunga ACL. Ikikatika katikati ya goti ni nadra ncha zake zikutane zijiunge vizuri, kwa sababu zinaogelea kwenye maji ya kiungo na damu haigandi mahali pamoja. Ligamenti ya ndani ni tofauti, hiyo iko nje ya maji ya kiungo na hujiunga yenyewe: iliyovutika tu wiki 1 hadi 3, iliyochanika nusu wiki 4 hadi 6, iliyokatika yote wiki 6 hadi 12 ikiwa imefungiwa kifaa cha kuzuia goti lisiende pembeni. Sasa mzee wa viungo akipata wagonjwa watano wa ligamenti ya ndani, wote watapona, na sifa atachukua yeye.

Kuchanja chale juu ya goti ndiyo mbaya zaidi. Usaha ukiingia ndani ya kiungo unakula gegedu kwa siku chache. Goti lililochanjwa, likawa jekundu, la moto na mtoto ana homa, hilo ni la kukimbiza hospitali bila kulala.

#6 Mgogo_wa_Bahi

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya kutembea mbele sikuwahi kuifikiria.

#7 Dkt_wa_Mifupa

Niongeze jambo ambalo makocha wa watoto hawaambiwi. Goti la mtoto wa miaka 12 si goti la mtu mzima lililopunguzwa ukubwa. Karibu na ncha za mifupa yake kuna bamba la ukuaji, tabaka la gegedu ambapo mfupa unarefukia. Lile la chini ya paja huongeza karibu sentimita 1 kwa mwaka, la juu ya ugoko kama milimita 6. Wasichana mabamba hayo hufunga takriban miaka 13 hadi 15, wavulana 15 hadi 17.

Kabla hayajafunga, gegedu hiyo ni dhaifu kuliko ligamenti. Nguvu ambayo kwa mtu mzima ingekata ligamenti ya ndani, kwa mtoto inaweza kupasua bamba la ukuaji. Na nguvu ambayo ingekata ACL inaweza kung'oa kipande cha mfupa wa ugoko ambapo ACL imejishikiza, hasa umri wa miaka 8 hadi 14. Kipande kikiwa kimehama, kikirudishwa mapema na kufungwa, mtoto hupona na ACL yake mwenyewe. Kikiachwa mwezi mzima goti linaweza lisinyooke tena. Bamba la ukuaji likiungwa vibaya mguu unapinda au unabaki mfupi.

Kwa hiyo nikisikia "ameteguka tu" kwa mtoto ambaye bado anarefuka, nataka eksirei. Dalili za kuidai: hawezi kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea, pale uwanjani na pale hospitali, hawezi kukunja goti kufikia nyuzi 90, anaumia ukibonyeza pia ya goti yenyewe, anaumia ukibonyeza kifundo cha mfupa kilicho upande wa nje chini kidogo ya goti. Moja tu inatosha. Kwa mtoto naongeza: maumivu ya kubonyeza juu ya bamba la ukuaji, hata eksirei ikiwa safi, afungwe asikanyagie na aonwe tena baada ya siku 7 hadi 10.

Eksirei haionyeshi ligamenti. Kusema "picha iko safi, nenda kacheze" ni kosa ninaloomba liishe. Ligamenti hupimwa kwa mikono: goti likunjwe nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ushike paja, mwingine uvute ugoko mbele. Ukivutika bila kugota, ACL imekwenda. Kipimo hiki kinakubali ndani ya saa chache za mwanzo kabla misuli haijakaza, au baada ya siku 5 hadi 10 uvimbe ukipungua. Kocha asikifanye. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, inakuja baadaye, kuthibitisha na kuangalia menisko.

Ukitolewa maji kwenye goti, yatolewe hospitali kwa usafi kamili, na muulize yana rangi gani. Damu yenye matone ya mafuta yanayoelea juu maana yake mfupa umepasuka mahali.

#8 Mama_wa_Kipa

Dokta shikamoo. Mtoto wa miaka 13, hajaanguka popote, ila ana kinundu chini ya goti kinachouma akipiga magoti au akiruka. Akipumzika kinatulia. Wengine wananiambia ni uvimbe wa mfupa upasuliwe.

#9 Dkt_wa_Mifupa

Marahaba mama. Ulivyoeleza panafanana na ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kano (kamba inayofunga msuli kwenye mfupa) ya pia ya goti inavuta mahali inapojishikiza kwenye ugoko, na mahali hapo kwa anayerefuka bado ni gegedu. Huwapata zaidi wanaoruka na kukimbia sana katika miaka ya kurefuka kwa kasi. Hakipasuliwi na hakichomwi sindano. Punguza kuruka na kukimbia mpaka maumivu yawe madogo, asisimamishwe kabisa; barafu dakika 15 baada ya mazoezi; anyooshe misuli ya mbele ya paja sekunde 30 mara 3 kila siku. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi, na inaisha mabamba yakifunga. Kinundu kinaweza kubaki bila kuuma.

Lakini apimwe ana kwa ana, kwa sababu mbili. Umri huohuo, kuzunguka goti, ndipo saratani ya mfupa ya vijana hupenda kuanzia. Maumivu yanayomwamsha usiku, yasiyohusiana na mchezo, uvimbe unaokua wiki hadi wiki, kukonda, homa: eksirei bila kuchelewa, na uvimbe huo usichuliwe kabisa. Mwenye sikoseli naye maumivu ya mfupa yenye homa yasihesabiwe kuwa ya mpira.

Sababu ya pili wengi inawapita: nyonga inaweza kuumia na maumivu yakasikika gotini. Kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mnene kidogo, anachechemea, goti halina kasoro yoyote, ila ukimlaza na kukunja nyonga mguu unajigeuza kwenda nje. Kichwa cha mfupa wa paja kinateleza. Asikanyage tena, abebwe hospitali siku hiyohiyo, akapigwe picha ya nyonga.

#10 Refa_Kondoa

Enka, kifundo cha mguu, je? Na kile kibao cha goti pajani, mchezaji anapigwa na goti la mwenzake paja linakufa?

#11 Fizio_Makole

Enka ndiyo inayoongoza kwa wingi. Bonyeza mfupa unaotokeza kila upande, ukingo wake wa nyuma kuanzia nchani kupanda sentimita 6, halafu tako la mfupa wa kidole kidogo cha mguu, pembeni katikati ya unyayo, na mfupa wa juu ya upinde wa ndani wa unyayo. Ukiuma mfupa wenyewe, au hawezi hatua 4, eksirei. Vinginevyo ni ligamenti: barafu, bandeji, na kuanzia siku ya pili au ya tatu aanze kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Wiki mbili za kukaa kitandani ndizo zinazofanya enka iteguke kila mwezi. Kinachoikinga ni kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara 3, kila siku kwa wiki 6. Akizoea afumbe macho.

Paja lililopigwa: mkunje goti mpaka kisigino kielekee makalioni, kama nyuzi 120, mfunge hivyo kwa bandeji saa 24 za mwanzo, na barafu. Paja hilo likichuliwa damu inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Linakuwa gumu kama gogo na goti halikunjiki kwa miezi.

#12 Mama_wa_Kipa

Dokta, ACL ikikatika ni lazima kupasuliwa? Na kwa sisi wa Dodoma tuanzie wapi?

#13 Dkt_wa_Mifupa

Si lazima kwa kila mtu. Asiyecheza michezo ya kugeuka na goti lake halimkimbii anaweza kuishi kwa mazoezi ya misuli. Kijana anayetaka kurudi kwenye mpira, netiboli au mpira wa mikono, au goti linamkimbia hata akitembea, au menisko imechanika na inaweza kushonwa, huyo tunazungumzia upasuaji. Haushoni ile ya zamani. Unaweka mpya iliyochukuliwa kwenye kano za nyuma ya paja, za pia ya goti au za mbele ya paja, kwa matundu madogo na kamera. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka, daktari anatumia njia inayokwepa mabamba ya ukuaji, au akipita humo atumie kano laini bila kipande cha mfupa. Muulizeni swali hilo wazi: "Mabamba yake yamefunga?"

Haraka si nzuri hapa. Goti likipasuliwa likiwa bado limevimba na halinyooki, linaganda. Kwa kawaida tunasubiri wiki 3 hadi 6, goti linyooke kabisa, uvimbe uishe, paja lipate nguvu. Isipokuwa goti lililojifunga, yaani limekwama halinyooki kwa sababu kipande cha menisko kimeingia katikati, au mfupa uliong'oka. Hayo hayasubiri.

Anzieni kituo cha afya kilicho karibu mpate rufaa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ndiyo ya taifa. Kabla ya kusafiri pigeni simu kuuliza mambo matatu: kliniki ya mifupa ni siku gani, MRI inafanya kazi, na bima yenu inalipia nini kati ya kipimo, upasuaji, kifaa cha goti na fiziotherapia. Watu hukusanya fedha za upasuaji wakasahau miezi 9 ya fiziotherapia, na goti linaharibikia hapo. Mkirudi Dodoma baada ya upasuaji, treni ya SGR inamruhusu asimame na kunyoosha mguu. Kwa basi ombeni kiti cha nafasi, achezeshe vifundo vya miguu kila nusu saa, damu isigande kigimbini.

#14 Fizio_Makole

Hiyo miezi 9 niichambue, kwa kijana aliyebadilishiwa ACL. Aliyeshonwa menisko pia afuate masharti ya daktari wake, kwa kawaida asikunje goti zaidi ya nyuzi 90 akiwa amekanyagia uzito kwa wiki 6.

Wiki 2 za mwanzo lengo kubwa ni kunyoosha. Kisigino juu ya taulo lililokunjwa, chini ya goti pawe wazi, dakika 10, mara 4 hadi 6 kwa siku. Msiweke mto chini ya goti eti apumzike. Goti litajifunza kukaa limekunjika na kulirudisha ni kazi ngumu. Akaze misuli ya mbele ya paja sekunde 5, mara 10, kila saa akiwa macho. Akiweza kunyanyua mguu mzima bila goti kulegea, anaelekea kuachana na magongo.

Mpaka wiki ya 6: kukunja taratibu kupita nyuzi 90 na kuendelea, baiskeli ya kukaa, kuchuchumaa nusu akishika ukuta, kunyanyua visigino. Kama kano ilitoka nyuma ya paja, asivute uzito kwa misuli hiyo kwa wiki 6.

Wiki ya 6 hadi 12 ndiyo ya hatari kubwa kwa sababu maumivu yameisha. Kano mpya imo kwenye kujibadili, mwili unaiota mishipa ya damu, na wakati huo ni dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Kijana anajisikia mzima, marafiki wanamwita dimba la jioni. Wazazi, simameni imara hapa. Anafanya ngazi, kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye hatua ya sentimita 15 hadi 20, kusimama kwa mguu mmoja. Hakimbii.

Miezi 3 hadi 6 aanze kukimbia mbele, kama goti halivimbi kesho yake. Uvimbe wa kesho yake ndiyo kipimo: likivimba, rudi hatua moja. Kisha kuruka kwa miguu miwili, baadaye mmoja. Baada ya mwezi wa 6, kugeuka na mpira, bila kukabwa, halafu kukabwa kidogokidogo.

Kurudi mechi kamili si kabla ya mwezi wa 9. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulikuta kila mwezi wa kusubiri, mpaka mwezi wa 9, unapunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Na kwa vijana chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, takriban 1 kati ya 4 huumia tena, goti lilelile au la pili.

Kipimo hakihitaji mashine. Chora mstari wa chaki, chukua futi ya fundi cherehani. Aruke kwa mguu mzima mara 3, chukua bora. Kisha mguu ulioumia. Gawanya. Mzima ukifika sentimita 150, ulioumia usipungue 135, yaani asilimia 90. Fanya pia mruko wa mara tatu mfululizo. Asipoweza kutulia anapotua sekunde 2, haihesabiwi. Angalizo: mguu mzima nao hudhoofika kwa kukaa, kwa hiyo upimwe mapema, mara afya inaporuhusu, namba iandikwe.

#15 Netiboli_Kongwa

Fizio, kusimama imara mwezi wa tatu ni kugumu mno kwa binti aliyeitwa timu ya mkoa. Tumpe nini afanye ili asijione ametupwa?

#16 Fizio_Makole

Aandike takwimu za mechi, apige mpira wa golini akiwa amesimama bila kuruka, aongoze wenzake kwenye joto la mwanzo kwa mdomo, afanye mazoezi ya mikono na kiuno. Abaki na sare ya timu. Anayekaa nyumbani ndiye anayetoroka kwenda kucheza.

#17 Mwl_Nzuguni

Nashukuru wote. Upande wa kinga, mazoezi ya FIFA 11+ ni ya bure na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira na koni. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinafaa. Ni mazoezi 15, dakika 20, badala ya zile mbio za kuzunguka uwanja. Dakika 8 za kukimbia taratibu na kufungua nyonga, 10 za nguvu, mizani na kuruka, 2 za kukimbia kasi na kukata kona. Angalau mara 2 kwa wiki, na kabla ya mechi ile sehemu ya kukimbia tu. Timu zinazoyafanya bila kuruka wiki hupunguza majeraha kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu. Kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 kuna yao, yenye michezo ya kuanguka na kujiviringisha.

Zoezi moja msiliache: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ashuke mbele taratibu mwili umenyooka kutoka goti hadi kichwa, ajizuie kwa misuli ya nyuma ya paja, mwisho apokelewe na mikono. Anza na mara 3 hadi 5. Wakianza na 15 kesho hawatatembea, na wataliacha.

Uwanja: kwato za ng'ombe za wakati wa mvua zikikauka zinakuwa mashimo yanayokula enka. Siku mbili kabla ya mechi pita na watoto mstari mmoja, jaza udongo, ondoa mawe na mbigiri, shindilia. Njumu ziwe za meno mafupi mengi. Na ratiba: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, siku 1 ya kupumzika kabisa. Mashindano ya kucheza kila siku yanavunja hesabu hiyo, kwa hiyo kocha awe na wachezaji wa akiba wa kweli na awatumie.

#18 Mgogo_wa_Bahi

La mwisho wakuu. Magongo ya kununua ni mbali. Fundi seremala akitengeneza, vipimo vikoje?

#19 Fizio_Makole

Asimame na viatu vyake, mabega yamelegea. Kichwa cha gongo kiishie vidole 3 chini ya kwapa, kama sentimita 5. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umening'inia, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Uzito ubebwe na viganja, kwapa lisilaliwe na gongo. Mishipa ya fahamu inapita pale na mkono unaweza kulegea. Zungushia nguo kichwani, chini funga kipande cha mpira wa tairi kwa misumari iliyozamishwa, kisiteleze kwenye sakafu ya saruji. Ngazi: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka magongo na mguu mgonjwa vinatangulia. Kwenye mchanga wa korongo asipite peke yake.